Ndevu za Awoowe

Picha iko ukutani kwa eedo, dada ya baba, huko Balambala. Marehemu awoowe, babu yangu, amekaa wima, kofia kichwani, mkono juu ya bakora. Mwanga umemshika vizuri shavuni. Shida ni ndevu. Ni nyeusi tititi!

Tangu nizaliwe sijawahi kumwona babu na ndevu nyeusi. Alizipaka hina zikawaka rangi ya machungwa, kama wazee wengi wa huku hadi Garissa mjini. Fundi wa studio alipewa kapicha ka simu akakuze, naye akaona ile rangi ni kosa la kamera.

"Si anakaa kijana?" eedo aliniambia. Sikumjibu.

Chuo niliacha, lakini Photoshop haikuniacha, so najua alichofanya. Nywele za manjano unazibadilisha chap chap: chagua sehemu, weka tabaka la rangi juu, basi. Nyeusi hukataa, kwa sababu tabaka hilo hubadilisha rangi bila kugusa mwanga, na weusi hauna mwanga wa kubeba rangi. Fundi wetu alienda upande wa pili, akauzima mwanga. Kila unywele ukamezwa na doa moja. Ukisogea karibu, ni kama kitambaa kimegundishwa kidevuni.

Novemba 2017, jarida la Grazia la Uingereza lilitoa jalada la Lupita Nyong'o, nywele zake za nyuma zimefutwa, za mbele zimelainishwa. Lupita aliweka picha zote mbili Instagram, watu wakajionea, na mpiga picha, An Le, akaomba radhi. Awoowe yuko kaburini. Ataposti wapi?

Na sisemi rangi isiguswe. Yeye mwenyewe aliigusa miaka yote, na bakuli lake la hina. Mvi zilipokuja angeweza kununua rangi nyeusi dukani. Hakutaka, nyeusi ndiyo rangi ambayo wazee wengi wa dini huiepuka. Fundi amempaka, akiwa hawezi tena kukataa, kile alichokataa akiwa hai. Hapo ndipo mimi naiona picha hii mbaya, hata kama kila mgeni anaisifu.

Ila fundi alisahau mahali. Tazama pale kwenye bakora: ukucha wa kidole gumba bado una hina.