Furu wa Mwanza: visiwa si ngazi

Ukianza kusoma habari za furu wa Ziwa Victoria, hutachelewa kukutana na makala ya Ole Seehausen na wenzake katika jarida la Nature, 2008. Inahusu samaki wawili wa miamba ya visiwa vya upande wa Mwanza: Pundamilia pundamilia, ambaye madume yake ni ya buluu, na Pundamilia nyererei (ndiyo, jina ni la Mwalimu), ambaye madume yake ni mekundu.

Uzuri wake ni kwamba haikuishia kwenye rangi. Walipima mwanga majini, wakasoma jeni ya opsini, yaani protini ya jicho inayonasa mwanga, wakaangalia pia majike wanachagua nani. Kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki huelekea wekundu. Wa buluu hukaa juu, wekundu chini, na kila mmoja jicho lake linafaa mwanga wa kwake. Kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, spishi mbili zimetengana. Luanso, penye maji ya tope, hakuna mpaka. Jeni zinapita huku na huku, uteuzi asilia umezidiwa.

Shida iko kwenye tafsiri. Visiwa vimepangwa kama ngazi, kana kwamba Luanso ni mwanzo na Makobe ni mwisho wa safari ileile. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake, Seehausen akiwemo, walichambua jenomu za samaki hawa, na ngazi ikayumba. Nyererei waliingia Ghuba ya Mwanza, wakazaliana na wa buluu waliowakuta, kisha kutokana na mchanganyiko huo wakatokea wekundu wengine, wanaofanana tu na wale wa Makobe. Kwa hiyo mtiririko wa jeni uleule tunaoulaumu kwa kufuta spishi ulileta malighafi, uteuzi ukaipanga upya.

Sasa hili lina uzito nje ya maabara. Udongo na mbolea za mashambani zikizidi ziwani, maji yanafifia. Jeni zitabaki ndani ya machotara, ila hakutakuwa na mwanga wa kuzitenganisha. Ukitaka kulinda furu, linda maji kwanza.

Makala ya 2008 isomeni. Vipimo vyake vya mwanga ni hazina. Ile ngazi tu ndiyo muiache.