Msoma Ramani Alipoacha Kusoma Ramani

Magazeti yetu bado humwita msaidizi wa dereva wa mbio za magari "msoma ramani". Jina limebaki, kazi imehama. Katika misitu ya Uingereza, kwa takriban miaka 30, mtu huyo alisoma ramani kweli, tena usiku, kwa kijitaa kidogo, gari likirukaruka. Leo anasoma daftari. Na kwa macho yangu, daftari hilo limeubadilisha mchezo wa msituni zaidi kuliko injini yoyote iliyowahi kufungwa kwenye gari.

Habari yenyewe inaanza 1960. Mwandaaji wa RAC Rally, mashindano makubwa ya magari ya Uingereza, Jack Kemsley, aliiomba Forestry Commission, mamlaka ya misitu ya serikali, imruhusu kutumia njia zake za malori ya magogo. Mwaka huo alipata kipande kimoja kifupi, Monument Hill huko Scotland, na Erik Carlsson wa Sweden, akiwa na Saab 96, ndiye peke yake aliyekimaliza ndani ya muda uliowekwa. Mwaka uliofuata misitu ikawa ndiyo mashindano yenyewe. Faida yake ilikuwa wazi: njia hizo hazikuwa za umma, hivyo zikifungwa magari yaliweza kuachiwa yakimbie bila kumhofia trafiki wala lori linalokuja mbele.

Lakini palikuwa na sharti moja. Mazoezi yalikatazwa, na dereva aliingia msituni bila kujua kona inayofuata inakata wapi. Vishale viliwekwa kwenye njia panda, basi. Kwingine kote, mbali na ramani ya mwenzake, alijitegemea.

Alionaje, basi? Kwanza alitazama juu. Vilele vya misonobari vilichora mstari dhidi ya anga, na mstari ule ukipinda, huenda njia nayo inapinda. Huenda. Maana wakulima wa misitu huacha vichochoro vitupu vya kuzuia moto, na kichochoro cha namna hiyo kikinyooka mbele huku njia ikikunja kushoto, dereva anayeamini miti huishia mtaroni. Kielder, kaskazini mwa England, ilijipatia sifa mbaya kwa mitaro ya aina hiyo. Usiku anga halikuonekana. Zilibaki taa, na namna mwanga ulivyogonga vigogo vya miti.

Asiyejua kona ina ukali gani lazima aingie akiwa na akiba, na akiba yenyewe ilikuwa kulilaza gari ubavu. Dereva wa Ford Escort, gari lililosukumwa wakati huo na magurudumu ya nyuma, alilitupa kwanza upande usio wa kona, kisha akalirudisha kwa ghafla, mkia ukatangulia kutoka nje. Watazamaji walidhani ni madaha. Gari lililolala ubavu linasugua changarawe na kupunguza mwendo lenyewe, na pua yake tayari inatazama ndani. Kona ikikaza, anaongeza mafuta mkia uzidi kuzunguka. Ikifunguka, ananyoosha usukani na kuondoka. Carlsson alikuwa na tatizo jingine: Saab yake ilivutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake ndogo ilikufa nguvu mizunguko ikishuka. Dawa yake ilikuwa mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia ukiendelea kubana mafuta.

Ujuzi huo ulizaliwa kwenye theluji na changarawe za Skandinavia, na matokeo yanaonyesha hivyo. Kuanzia 1960 hadi 1989 RAC ilifanyika mara 29 (ya 1967 ilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo). Mara 27 alishinda Msweden au Mfini. Mbili zilizobaki, 1972 na 1976, ni za Mwingereza mmoja, Roger Clark.

Msomaji atauliza, na Audi Quattro, gari lililovuta kwa magurudumu yote manne, je? Ni kweli, mwaka 1981 Hannu Mikkola alishinda kwa zaidi ya dakika 11, na tangu hapo hakuna gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne lililoshinda RAC tena. Ila Mikkola ni Mfini. Quattro ilibadilisha namna gari linavyotoka kwenye kona. Namna dereva anavyoijua kona kabla hajaifika ilibaki ileile ya Carlsson.

Mwaka 1990 RAC iliruhusu noti, yaani lile daftari la maelezo ya kona. Mshindi? Carlos Sainz, Mhispania. Kati ya mashindano 11 yaliyofuata ruhusa hiyo, hadi 2000, madereva wasio wa Skandinavia walishinda tisa. Sidai kwamba karatasi ilifanya yote. Petter Solberg wa Norway alikuja kushinda mara nne mfululizo, 2002 hadi 2005. Lakini siri ya kusoma miti ilikuwa imeshauzwa sokoni.

Siku hizi dereva na msaidizi wake hupita kila kipande cha njia mara mbili kabla ya mashindano, kwa mwendo wenye kikomo. Safari ya kwanza dereva anasema, mwenzake anaandika. Ya pili wanasahihisha. Usiku wanatazama video ya njia ileile na kusahihisha tena. Kinachopatikana ni lugha ya mkato: "Kulia tano, mia moja, mgongo, kushoto tatu inakaza, usikate." Kwa wengi, sita ni kona ya kupita bila kupunguza mwendo sana na moja ni ya kukunja kabisa; mia moja ni mita; "mgongo" ni mwinuko wa njia; "usikate" maana yake kuna jiwe au kisiki ukingoni.

Dereva aliyeambiwa "tatu inakaza" hana haja ya akiba. Anafunga breki gari likiwa limenyooka, anachelewa kadiri awezavyo, anakata pale tu paliporuhusiwa. Mkia unaotoka nje ni sekunde zinazomwagika. Mafundi nao huliandaa gari kwa mwendo huo wa kunyooka, si wa kubahatisha.

Kuna dakika moja tu ambapo zamani hurudi. Msoma ramani anaporuka ukurasa, au gari linapogonga shimo akapoteza mstari, sauti ndani ya helmeti inanyamaza. Hapo dereva, akiwa kwenye gari lisiloandaliwa kwa kazi hiyo, anainua macho na kuanza kutafuta vilele vya miti.