Fulana Yenye Maneno: Mvaaji ni Mtunzi au Mpagazi?

Katika semina zetu tumezoea kuuliza: mtunzi ni nani, na hadhira yake ni ipi? Swali hilo tukilielekeza kwenye fulana yenye maandishi, jibu halipatikani kirahisi. Hebu tuanzie kwetu Tabora.

Mjomba wangu, mkulima wa tumbaku, ana fulana mbili za kampeni, za vyama viwili vinavyopingana. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, msimu wa kampeni umekuwa pia msimu wa fulana, kofia na kanga za bure. Nilipomuuliza yeye ni wa upande gani, alicheka: "Mpwa wangu, hii ni nguo, si kura." Mwenzangu mmoja darasani alipokisikia kisa hiki alihitimisha kwamba fulana ya namna hiyo haina lolote la kuhakikiwa. Aliyetunga ni mwingine, aliyelipa ni mwingine, na mvaaji ni mpagazi tu wa maneno ya watu.

Neno hilo mpagazi lilinichoma, maana mimi ni Mnyamwezi. Katika karne ya 19 babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na waya. Merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, kilikuwa fedha kabisa. Na nguo ilisema hata kabla ya kuandikwa herufi moja: kule pwani, merikani na kaniki zilimtambulisha mtumwa na maskini, na wanawake waliotoka utumwani wakazikimbilia kanga.

Baadaye kanga ikapata jina, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kilatini. Sasa tujiulize: mwanamke anayevaa "Wema hauozi" ameyatunga yeye maneno hayo? Wapi! Kayakuta dukani. Lakini akimpelekea mkwewe kanga hiyo ni shukrani. Akijifunga mbele ya jirani aliyemsaidia zamani naye akamsahau, ni mkuki. Maneno ni yale yale, maudhui yamegeuka. Ndivyo ilivyo pia kwa methali. Hatumuulizi msemaji kama aliitunga. Tunatazama kaitumia wapi, lini na kwa nani.

Mtu atasema fulana si kanga, na kwa kiasi fulani nakubali. Kanga huchaguliwa kwa jina lake. Fulana ya mtumba yenye Kiingereza cha mashindano ya mbio huko Marekani, mara nyingi huchaguliwa kwa bei na uzima wa kitambaa. Tukidai kwamba kila fulana inaeleza nafsi ya mvaaji, tutakuwa tunamsingizia. Fulana ya bure nayo mvaaji hakuchagua maneno yake. Hata hivyo, bado anachagua siku ya kuivaa.

Hapo ndipo mjomba aliponifundisha uhakiki. Fulana ya chama kimoja huvaa shambani, imeshachanika kwapani na ina madoa ya utomvu wa tumbaku. Ya pili aliikunja sandukuni. Siku diwani wa chama cha ile fulana ya shambani alipokuja kuhutubia, mjomba aliitoa ile ya sandukuni, akaipiga pasi, akaenda kukaa mstari wa mbele. Hakuuliza swali, hakunong'ona. Mkutano mzima ulimsoma, na diwani pia alimsoma. Basi ile kauli ya "si kura" ilikuwa kejeli tu, na mimi mwanafunzi wa fasihi nikaipokea kama ilivyo!

Kwa hiyo mwenzangu simpingi juu ya neno mpagazi; nadhani hakuwaelewa wapagazi. Watu wale hawakuwa punda. Walipatana ujira, waliimba njiani, na wakidhulumiwa waligoma au walitoroka. Mzigo ulikuwa wa tajiri, ila mabega yalikuwa yao. Mhakiki anayesoma maandishi ya kifuani bila kumtazama aliyeyavaa, na aliyekaa mbele yake, amesoma nusu ya matini.