Uso wa Sahani na Kitako Chake

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Unguja, mnunuzi ajuaye kazi yake haitazami sahani usoni kwa muda mrefu. Huipindua. Hutafuta mhuri wa kiwanda kwenye kitako, kisha hugonga ukingo kwa ukucha na kutega sikio: iliyo nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Muuzaji naye huingoja hukumu hiyo kimya, na mapatano ya bei huanzia hapo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini dukani sahani haiuzwi na uzuri wake. Huuzwa na kitako chake.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Katika majumba ya kale ya Lamu na Pate, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka safu kwa safu, ukanakshiwa kwa chokaa, na vyombo vya kauri vikapangwa humo vikimwelekea aingiaye. Kitako hakikuwa na msomaji. Uso ndio uliosema kwamba nyumba hii ina jina, ina jamaa baharini, ina arusi zilizofanywa kwa heshima. Ziko sahani zilizotobolewa tundu kwenye kitako ili zitundikwe ukutani. Na wapo walioamini kwamba kauri hukinga jicho la husuda, na kwamba ikipasuka yenyewe imeipokea shari iliyokusudiwa wenye nyumba. Mnunuzi wa leo akiliona tundu hilo huliita kasoro, na bei hushuka. Alama ya kupendwa kwa chombo imegeuka ila.

Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alilijua jambo hili kabla ya madalali wote. Alipoyatazama magofu ya Pate, hakuhesabu thamani ya vyombo vilivyopotea. Alionyesha mahali vilipokuwa, pameshikwa na ndege na vifaranga vyao. Ukali wa utenzi huo umo katika uwazi huo: kidaka kisicho na chombo kinasema mengi kuliko chombo kisicho na kidaka. Dukani hupatikana hicho cha pili tu.

Hata hivyo, si haki kuililia sahani kana kwamba ilizaliwa Pate. Ilikuja kwa kuuzwa. Bakuli za China zilizopachikwa kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui zilikuwa bidhaa kabla hazijawa pambo la mauti; na katika vyombo vilivyoingia Unguja karne ya 19, vimo vilivyotoka kiwanda cha Petrus Regout mjini Maastricht, Uholanzi, vikatengenezwa kwa ajili ya soko tu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imelikiri hilo: kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa nchini, au kilichoingizwa nchini, kabla ya 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Neno "kilichoingizwa" lina uzito wa ubeti mzima. Urithi ni kile ambacho watu wamekipa mahali pa kukaa, hata kama udongo wake ni wa ugenini.

Kosa, basi, si kuuza. Mjane anayeitoa sahani ya mama mkwe wake ili alipe ada ya shule hana deni kwa mtu. Kosa limo katika lugha ya kuuzia. "Ya kale sana", "ya Kichina", "haipatikani tena": ni sifa zinazofaa kila chombo, na kwa hiyo hazikihusu chombo chochote. Mfasiri anayelihamisha neno bila mazingira yake hulaumiwa. Muuzaji anayeihamisha sahani bila mtaa, bila chumba, bila arusi iliyoileta, hulipwa. Kosa lao ni moja. Lau dalali angeuliza siku ya kununua, "Ilikaa wapi?", na kuliandika jibu kwenye kikaratasi akakibandika kitakoni, mnunuzi aipinduaye angekuta zaidi ya mhuri. Sahani ingeondoka kwa bahari kama ilivyokuja, lakini ingeondoka na kidaka chake.