Nani Kasema: Kerneli au Maktaba?

Mwanaprogramu wa Linux anapoandika open() au fork(), hazungumzi na kerneli moja kwa moja. Anazungumza na maktaba ya C, na maktaba ndiyo inayopanga vigezo kwenye rejista, kuvuka mpaka na kurudi na jibu. Mara nyingi kazi yake haizidi hapo: kerneli huashiria kosa kwa kurudisha namba kati ya -4095 na -1, na maktaba hutoa -1 na kuiweka namba ya kosa kwenye errno. Kwa kuwa kazi hiyo ni ndogo, waandishi wengi wa miongozo huiona kama haipo, wakaeleza mwito wa mfumo na kifungashio chake, yaani kitendakazi cha maktaba kinachouita, kana kwamba ni kitu kimoja. Anayetaka kujua ukurasa upi wa mwongozo umeandikwa na mjuzi aanzie hapo. Ukurasa bora ni ule ambao kila sentensi yake, ikiulizwa ni nani kasema, kerneli au maktaba, ina jibu. Ukurasa unaounganisha tabaka hizo mbili bila kuonyesha mshono ni dhaifu, hata kama hauna neno moja la uongo.

Tazama getpriority(), mwito mdogo unaouliza kipaumbele cha mchakato. Kipaumbele hicho huanzia -20 hadi 19. Kerneli haiwezi kurudisha -20, kwa sababu kwake namba hasi ni lugha ya makosa. Hivyo hujibu kwa namba kati ya 40 na 1, na kifungashio cha glibc, maktaba ya C ya GNU, hutoa namba hiyo katika 20 ili kupata kiwango tulichokizoea. Mchakato wenye kipaumbele cha -1 hupewa na kerneli jibu la 21, jibu lisilo na shaka yoyote. Maktaba inaligeuza kuwa -1, na papo hapo shaka inazaliwa: hiyo -1 ni kipaumbele au ni kosa? Ndiyo maana mwanaprogramu hulazimika kuiweka errno kuwa 0 kabla ya kuita, kisha kuiangalia tena baadaye. Ukurasa wa wastani utaamuru errno isafishwe na kuishia hapo. Ukurasa mzuri utaonyesha kwamba utata huo haukutoka kwenye kerneli, bali uliingia njiani wakati wa kurudi. Msomaji wa ukurasa wa kwanza amepewa kanuni ya kukariri. Wa pili ameelewa sababu, na atajua la kufanya siku atakapouita mwito huo bila maktaba. Kurasa za mradi wa Linux man-pages, ambao Michael Kerrisk aliusimamia kwa miaka mingi kuanzia 2004, zimetenga mahali maalumu pa kueleza tofauti kati ya maktaba ya C na kerneli. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kusoma kwanza.

Si kila tofauti ina uzito sawa. Kwamba brk() ya maktaba hurudisha 0 ilhali ya kerneli hurudisha anwani mpya ya mwisho wa data ni jambo la kuelezwa kwa sentensi moja. Lakini zipo tofauti zinazogusa maana yenyewe ya mwito, na kuzipitia juu juu ni kosa kubwa. setuid() ni mfano. Kiwango cha POSIX kinataka thredi zote za mchakato ziwe na kitambulisho kimoja cha mtumiaji. Kerneli ya Linux huipa kila thredi kitambulisho chake. Kifungashio ndicho kinachoziba pengo hilo: huzitumia thredi nyingine ishara ili kila moja iuite mwito huo yenyewe. Ukurasa unaosema tu kwamba setuid() hubadilisha kitambulisho cha mchakato umesema kweli kuhusu maktaba na uongo kuhusu kerneli, tena katika jambo la usalama.

Kuna hoja nzito dhidi ya msimamo huu. Mwanaprogramu huita maktaba, hoja inasema, na mkataba wake ni kile kinachoahidiwa na maktaba. Kumweleza yanayotendeka chini ni kumbebesha mzigo usio wake na kumshawishi ategemee mambo yanayoweza kubadilika kesho. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama watu wote wangepitia mlango mmoja, lakini hawapiti. Programu za Go kwenye Linux kwa kawaida huingia kwenye kerneli bila glibc, na setuid iliyoelezwa hapo juu iliisumbua lugha hiyo hasa: kwa matoleo kadhaa ilirudisha tu kosa la kutowezekana, hadi toleo la 1.16 la 2021 lilipoweka njia yake ya kuzifikia thredi zote. Anayefuatilia programu kwa strace huona miito ya kerneli, si majina aliyoyaandika. Anayeandika kichujio cha seccomp, cha kuzuia miito ya mfumo, huchuja miito, si vitendakazi: akizuia open peke yake hajazuia kitu, kwa kuwa tangu glibc 2.26 kifungashio cha open() huita openat. Vivyo hivyo, fork() ya glibc hupitia clone, na _exit() hupitia exit_group. Mwaka 2021, glibc 2.34 ilipoanza kutumia clone3 kuunda thredi, kontena zenye vichujio vya zamani zilishindwa kuendesha programu zisizo na kasoro yoyote: kichujio kilijibu EPERM (hakuna ruhusa), wakati maktaba hurudi kwenye clone ya zamani pale tu inapojibiwa ENOSYS (mwito haupo). Hakuna mwanaprogramu aliyebadilisha hata mstari mmoja. Kwa watu hawa wote tabaka la chini ndilo kazi yao.

Wengine hukubali kwamba tabaka zote mbili zielezwe, ila wanataka kila moja iwe na ukurasa wake: wa kerneli waandike ya kerneli, wa maktaba waandike ya maktaba. Ni mpangilio unaopendeza machoni, na unaumiza msomaji. Anayefungua ukurasa kwa kawaida bado hajui tatizo lake liko tabaka gani. Angejua, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha. Tofauti haionekani mpaka pande mbili ziwekwe ubavu kwa ubavu. Nakiri kwamba hali si hiyo kila mahali. Kwenye OpenBSD kerneli na maktaba hukua katika mti mmoja wa msimbo, na toleo la 7.5 la 2024 liliiondoa kabisa syscall(), ile njia ya jumla ya kuita mwito kwa namba yake. Huko maktaba ndiyo mpaka rasmi, na ukurasa una haki ya kuishia hapo. Kwenye Linux kerneli moja huhudumia glibc, musl na Bionic ya Android, na kila moja hufungasha kwa namna yake. Ukurasa usiotaja ni maktaba gani inayozungumziwa humwachia msomaji kubahatisha.

Hoja ya kwamba maelezo haya huchakaa ni ya kweli, na dawa yake ni kuyawekea tarehe. Kuanzia glibc 2.3.4 hadi 2.24, getpid() ilihifadhi jibu lake la kwanza ili isiende kwenye kerneli kila mara. Mchakato ulioundwa kwa kukikwepa kifungashio cha clone() ungeweza kupewa namba ya mzazi wake badala ya yake. Toleo la 2.25 liliuondoa utaratibu huo. Ukurasa mwepesi hufuta habari hiyo mara hitilafu inapokwisha. Ulio makini huiacha pamoja na namba zake za matoleo, kwa sababu seva zenye maktaba ya zamani huendelea kufanya kazi miaka mingi, na mwenye kuzitunza hana pengine pa kuuliza.

Kipimo kigumu zaidi ni miito isiyo na kifungashio kabisa. Hapo mwandishi hana kitendakazi cha kujificha nyuma yake. Lazima aseme wazi kwamba glibc haikitoi na aonyeshe jinsi ya kupitia syscall(), kama ilivyo hadi leo kwa futex. Bado haitoshi, maana hali hiyo nayo hubadilika. gettid iliingia kwenye kerneli ya 2.4.11, lakini glibc haikuipa kifungashio hadi toleo la 2.30 mwaka 2019. Katikati, miradi mingi ilijiandikia gettid() yake yenyewe, na siku kifungashio rasmi kilipofika, majina yaligongana na baadhi ya programu zikakataa kukompailiwa. Kwenye ukurasa wa mwito wowote wa aina hii, tafuta namba mbili: toleo la kerneli lililouleta na toleo la maktaba lililoufungasha. Ikiwepo moja tu, soma yaliyobaki kwa tahadhari.