Malaya wa Umba Atua Mpanda!

Jamani, hatimaye nimeishika! Mpanda ni mji wa dhahabu, na wazee wetu wanaikumbuka pia risasi ya mgodi wa Mukwamba, iliyovuta reli kutoka Kaliua hadi hapa. Vito vya rangi hatuvioni sana. Sasa dalali kutoka Tanga kafungua kikaratasi mezani: "Hii ndiyo ganeti ya malaya." Chai yangu ikapoa pale pale.

Rangi gani hii! Waridi na chungwa vimekumbatiana, hujui kipi kinaanzia wapi. Nikaitoa mlangoni kwenye jua la Katavi, chungwa likawaka. Nikairudisha ndani chini ya balbu, wekundu ukapanda! Na rangi yote hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Tanzanaiti nyingi hupashwa moto ndipo ziwe buluu. Hii haihitaji moto wowote.

Na jina je? Hapo ndipo utamu ulipo. Miaka ya 1960, kwenye bonde la Mto Umba karibu na mpaka wa Kenya, soko lilitaka rodolaiti, ganeti ya waridi iliyoelekea zambarau. Katikati yake yakawa yanajitokeza mawe ya rangi ya chungwa. Wanunuzi wakayakataa: si rodolaiti, wala si ukoo wowote wanaoujua. Yakabandikwa jina la asiye na kwao: malaya. Uchunguzi wa baadaye ukayasafisha. Rodolaiti imejengwa kwa magnesiamu na chuma. Malaya ina magnesiamu na manganizi, na manganizi ndiyo inayoleta lile chungwa. Kumbe kwao kulikuwepo siku zote!

Vito vyetu vingine vilipewa majina na wageni. Tanzanaiti ilibatizwa New York mwaka 1968, na Henry Platt wa kampuni ya vito ya Tiffany. Tsavoraiti ilionekana kwanza Tanzania mwaka 1967, lakini Tiffany hao hao wakaiita kwa jina la mbuga ya Kenya. Hata neno ganeti ni la Kilatini, limetokana na komamanga, kwa ule wekundu wa punje zake. Lakini malaya! Hili ni neno letu, limezaliwa kwenye mashimo na mizani ya Umba, kwa ulimi wa waliolichambua jiwe kwa mikono yao. Wauzaji wengine wa ng'ambo huandika "malaia" ili kulilainisha. La hasha, liacheni! Tusi hilo limebeba historia nzima ya jiwe.

Hukumu yangu: inunueni! Ugumu wake ni 7 na kidogo kwenye kipimo cha Mohs, kwa hiyo hereni na kidani havina shaka. Pete nayo yafaa, mradi usiigonge gonge. Itazame juani na chini ya balbu kabla ya kulipa. Kisha mwambie sonara aandike kwenye risiti jina lake kamili, herufi kubwa: MALAYA.