Mkono wa Usta

Kinyozi wangu wa Dar simwambii kitu. Nimekaa kwenye kiti chake miaka mingi. Anajua kovu la utotoni liko wapi, anajua kisogo kina bonde, na akishawasha mashine mimi nasinzia. Ndiyo maana nikitaka kusafiri hunyoa siku moja kabla ya ndege, na nikirudi hupita kwake kabla begi halijafunguliwa vizuri. Kichwa si kitu cha kumpa mtu usiyemjua.

Mwiko huo ulivunjikia Istanbul. Nilimsindikiza shemeji yangu, mfanyabiashara wa Kariakoo, kwenda kuchukua nguo za jumla Laleli, mtaa ambao wenzake wanaujua kuliko wanavyoijua Dodoma. Mzigo ukakwama kwa wakala wa kago. Siku nne zikawa kumi na mbili, na nywele hazingoji wakala. Siku ya kumi nilijitazama kwenye kioo cha lifti nikaona mtu ambaye hata mimi nisingemkopesha.

Nyuma ya hoteli, kwenye kichochoro, kulikuwa na duka la kinyozi: viti vitatu, kioo cha ukuta mzima, birika la chai juu ya jiko. Waturuki humwita kinyozi berber, lakini wateja wote mle walimwita usta, yaani fundi aliyekamilika. Asili yake ni Kiajemi, nduguye ustadi na ustadhi wetu. Jina hilo halikutolewa ovyo. Katika vyama vya mafundi vya enzi za Uthmaniya mtu aliingia akiwa çırak, mwanagenzi wa kufagia na kutumwa, akapanda kuwa kalfa, na usta ilikuja baadaye sana, kama ilikuja. Vinyozi walimhesabu Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, kuwa ndiye mlezi wa kazi yao. Siku ile kijana mmoja alikuwa akisukuma nywele za wateja kwa ufagio, na macho yake hayakuwa kwenye ufagio. Yalikuwa kwenye mikono ya usta.

Nikakaa kwenye benchi, mzee mmoja akinyolewa. Tumefundishwa kwamba mwenzio akinyolewa na wewe tia maji. Zangu zilikuwa zimeshalowa jasho. Sikuogopa wembe. Niliogopa jibu nililowahi kupewa katika mji mmoja wa Ulaya: kinyozi alinitazama kichwani, akatikisa chake, akasema nywele hizi hatuzijui. Alisema kwa adabu kabisa, nami nikatoka kama shehena iliyokataliwa bandarini.

Usta naye hakuzijua. Nilimwona. Alinifunga shuka shingoni, akachukua mashine, akaitazama, akairudisha mezani. Kisha akaingiza vidole vyote kumi kichwani mwangu, polepole, kama dada anayetafuta pa kuanzia kusuka. Akagusa panja, akapanda hadi utosini pale nywele zinapojizungusha, akashuka kisogoni, akalikuta lile bonde, akalibonyeza. Kuulizana tusingeweza. Maneno tuliyokuwa nayo yalihesabika, na ajabu yake ni kwamba yalikuwa ya kwake na ya kwetu: mkasi ni makas, sabuni ni sabun, duka ni dükkân, na çay hutamkwa chai hasa. Waliopita kwao kwa ngamia na kwetu kwa majahazi waliacha mizigo ileile.

Niseme kweli, nywele hakuzipatia. Alizipunguza sawasawa, hakuacha madoa, lakini ukingo wa mbele aliulainisha ukawa mviringo, wakati sisi tunaupenda mkali, wenye pembe, kama umepigwa rula. Shemeji aliponiona alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Simlaumu usta. Mkono wake umelelewa na nywele zinazolala, na zangu husimama. Alipofika asipopajua alipunguza mwendo, na mafundi wanaojua kupunguza mwendo si wengi.

Ila ndevu! Alinifunika uso kwa taulo la moto, akaliacha mpaka nikasahau mzigo. Akakoroga povu kwa brashi, akalipaka akizungusha kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ni lazima. Kisha akachukua wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaukunja mbele ya macho yangu ukakatika katikati, krak, akachomeka nusu kwenye mpini. Alihakikisha nimeona. Kwetu, tangu tulipoonywa juu ya UKIMWI na nyembe za kuchangia, wengine tulikwenda kunyolewa na wembe wetu mfukoni, halafu mashine ikaja ikatuondolea mashaka. Sifuri, spiriti, poda, umemaliza. Tulipata usalama, na sibezi hata kidogo. Lakini mkono wa wembe tuliupoteza hapohapo.

Huyu alikuwa nao. Kidole gumba cha kushoto kilivuta ngozi kuelekea sikioni, wembe ukalala, haukusimama, ukateremka kwa hatua fupi zenye sauti kavu, kama panya anayetafuna karatasi chumba cha pili. Chini ya taya alisita. Ndevu zangu pale haziendi chini. Zinakwenda pembeni, kushoto. Akapapitishia mgongo wa kidole, akageuza mkono, akazifuata zinakokwenda. Ndevu za kujikunja ukizinyoa kinyume, karibu mno na ngozi, ncha hurudi ndani zikaota huko, na hicho ndicho kiini cha vipele vinavyotusumbua shingoni. Sijui kama aliwahi kumnyoa mtu kama mimi. Kidole kilimwambia.

Muda wote huo yeye na yule mzee walipiga soga wakicheka. Jioni kijana wa mapokezi hotelini, aliyejua Kiingereza, aliniambia kwamba tıraş, neno lao la kunyoa, mtaani lina maana ya porojo. Nikakumbuka chuku. Chuku ni pembe ya kuumikia damu, na kwao zamani kuumika ilikuwa kazi ya vinyozi, pamoja na kung'oa meno na kutahiri. Kwetu leo anayepiga chuku anatia chumvi tu.

Sikutarajia moto. Aliwasha pamba iliyochovywa kwenye spiriti, kwenye ncha ya kijiti, akanipapasa nayo masikioni, pa, pa, na kabla sijakimbia ilikuwa imekwisha. Ikabaki harufu ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Kuiondoa harufu hiyo akanimiminia kolonya ya limau viganjani. Hayo ni maji ya Köln ya Ujerumani, yaliyofika kwao karne ya 19 yakachukua nafasi ya marashi ya mawaridi, ambayo sisi pwani bado tunanyunyiziana kwa mrashi kwenye maulidi.

Akavua shuka, akalikung'uta, akasema: "Saatler olsun!" Nikasikia saa. Nikatazama mkono, nikamwonyesha kwa vidole kwamba ni saa kumi na moja na dakika kumi. Duka zima likacheka, hata mwanagenzi akaegemea ufagio. Kumbe asili yake ni sıhhatler olsun, dua ya siha, ila ndimi za watu zimeitafuna mpaka ikafanana na saa.

Mzigo ulitoka. Siku tatu baada ya kunyolewa nilikuwa Dar, kwenye kiti changu. Kinyozi wangu alitazama ukingo wa mbele, akanyamaza kama mtu aliyeonyeshwa msiba.

"Kaka, nani kakufanyia hivi?"

Akaanza kuurekebisha, akiguna. Alipofika chini ya taya mkono ukasimama. Akapitisha mgongo wa kidole, akarudia.

"Siku ya ngapi hii?"

"Ya tatu."

"Na kipele hakuna hata kimoja?"

Akazima mashine, akaniinua kidevu kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.